Kabla Ndege Haijaruka: Marubani Hukagua Nini, na Sisi Tunahusika Vipi



Wenzetu wa Mbale wanaosafiri kwenda Soroti huenda wameziona ndege ndogo zikizunguka angani karibu na mji ule, zikishuka mpaka karibu na ardhi kisha zikapanda tena. Ni ndege za chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya wakati ule. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki. Vijana wengi wa Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine wameshika usukani wa ndege kwa mara ya kwanza pale.

Wengi wetu hatujapanda ndege. Mtu anayekata miwa, au anayesimama usiku kucha mbele ya mashine ya kusokota nyuzi, ana haki ya kuuliza kwa nini ukurasa wake ujazwe habari za marubani. Jibu letu ni kwamba rubani naye ni mfanyakazi wa mashine. Ana mwajiri, ana zamu, na nyuma yake yuko mtu anayetazama saa. Lakini katika kazi yake kuna jambo ambalo kwetu ni haba: kabla ya kuiendesha mashine, ni wajibu wake kuitafuta hitilafu, muda wa kuitafuta huhesabiwa kuwa ni muda wa kazi, na akiipata anaweza kusema "haturuki". Katika viwanda vyetu mara nyingi mashine huwashwa kwanza, na hitilafu hujitafutia yenyewe mkono wa mtu.

Tueleze basi jinsi kazi hiyo inavyokwenda.

Kazi ya rubani wa shirika la ndege huanza kabla hajaiona ndege yenyewe. Huripoti kwa kawaida saa moja au zaidi kabla ya safari, akasoma taarifa za hali ya hewa za uwanja anaotoka, anakokwenda, na njia yote ya katikati. Kwetu hili si jambo dogo. Ziwa letu kubwa huzaa mawingu ya radi karibu mwaka mzima, na Tororo imetajwa tangu zamani kuwa miongoni mwa mahali penye siku nyingi za radi duniani. Wingu la namna hiyo halipitiwi katikati. Ndani yake mna upepo unaopanda na kushuka kwa nguvu ya kuweza kuivunja ndege. Rubani hulizunguka, na kulizunguka kunakula mafuta.

Hapo ndipo linapokuja suala la mafuta, na tunaomba msomaji alitazame kwa makini. Hayatiwi mafuta ya kufika tu. Hutiwa ya safari, juu yake yakaongezwa ya dharura ndogo za njiani, kisha ya kwenda uwanja wa pili endapo uwanja uliokusudiwa umefungwa, na mwisho, kwa ndege za jeti, akiba ya kuzunguka angani kwa dakika 30 ambayo haitakiwi kuguswa isipokuwa mambo yameharibika kabisa. Ndege inayotoka Nairobi kuja Entebbe hapana budi iwe na mafuta ya kwenda kwingine, tuseme Kisumu au Kigali, kama mvua imeuziba uwanja wa Entebbe. Mafuta ni mazito, na kuyabeba ni gharama, kwa hiyo mwenye mali hupenda yawe kidogo. Lakini kapteni akiona mawingu hayampendezi, anaweza kudai yaongezwe, na neno lake ndilo la mwisho.

Hesabu nyingine ni ya uzito. Abiria, mizigo na mafuta hujumlishwa, na mahali mizigo ilipowekwa hutazamwa pia, maana ndege iliyolemewa nyuma ni hatari hata kama uzito wake wote haujazidi. Dereva wa trela la miwa analijua jambo hili bila kufundishwa. Tena Entebbe iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha meta 1,150. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na mchana wa jua kali huwa nyepesi zaidi. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa hayabebi sawasawa. Ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, huhitaji njia ndefu zaidi ya kukimbilia hapa kuliko Mombasa.

Akishatoka ofisini, rubani hufungua daftari la ndege. Kila rubani anayeshusha ndege huandika humo kila kasoro aliyoiona: taa isiyowaka, breki inayovuta upande mmoja, mlio asioufahamu. Fundi huandika chini yake alichokifanya, akatia sahihi. Zipo kasoro ambazo ndege inaruhusiwa kuruka nazo, lakini haziamuliwi kwa kukisia. Kuna orodha iliyokubaliwa mapema inayosema kitu gani kinaweza kungoja, kwa siku ngapi, na kwa masharti gani. Kisicho katika orodha hiyo hutengenezwa kwanza.

Kisha mmoja wa marubani huizunguka ndege kwa miguu. Mvua au jua, huizunguka. Hutazama matairi kama yamechanika au yamelika, mabomba ya breki kama yanavuja, midomo ya injini kama imeingia ndege wa porini au kitambaa kilichosahauliwa, na mabawa kama yamegongwa na gari la mizigo. Hutazama vijibomba vidogo vinavyopokea upepo na vitundu vinavyopima mgandamizo wa hewa, maana saa za mwendo na za kimo hupata habari zake humo. Ndege ikilala uwanjani, vijibomba hivyo huvikwa vifuniko vyenye utepe mwekundu ili nyigu wasijenge ndani. Kusahau kufungua kitu kidogo hivyo si mchezo. Mnamo Oktoba 1996, mjini Lima nchini Peru, ndege aina ya Boeing 757 iliruka usiku ikiwa vitundu vyake vimezibwa kwa mkanda wa gundi uliobandikwa wakati wa kuisafisha na haukubanduliwa. Marubani hawakujua tena wako juu kiasi gani wala wanakwenda kwa mwendo gani. Watu wote 70 waliokuwamo walikufa baharini.

Wanafunzi wa Soroti hujifunza haya kwa ndege ndogo. Kila asubuhi mwanafunzi huchukua chupa nyembamba ya kuonea, akakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, akayainua kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Akiyaona huendelea kumwaga mpaka yaishe. Kisha hushika usukani akaupeleka kushoto na kulia, huku akitazama nje kama vibawa vinafuata upande unaotakiwa. Mtu anaweza kucheka: mbona jana vilifuata? Ndiyo, lakini huenda usiku fundi aliifungua.

Sasa tuingie chumba cha marubani, ambako kuna kitu kinachotuhusu zaidi. Ni karatasi ya ukaguzi. Asili yake ni msiba. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, kampuni ya Boeing ilileta ndege mpya kubwa ya kijeshi kwa majaribio mbele ya wakubwa wa jeshi. Iliruka, ikapanda wima kupita kiasi, ikaanguka na kuungua. Watu wawili walikufa kwa ajali hiyo, na mmoja wao alikuwa rubani mzoefu sana. Ndege haikuwa na ubovu. Usukani ulikuwa umefungwa kwa kufuli ya kuuzuia usipeperushwe na upepo ndege ikiwa imesimama, na hakuna aliyekumbuka kuifungua. Waliochunguza waliona kwamba mambo ya kukumbuka yalikuwa yamezidi uwezo wa kichwa cha mtu mmoja, hata awe hodari vipi. Ndipo yakaandikwa.

Mtindo wa kuisoma karatasi hiyo ndio wenye maana. Kwanza marubani hutayarisha vitu vyote kwa mazoea ya mikono yao. Halafu mmoja husoma kwa sauti, jambo moja moja, na mwenzake hutazama kitu chenyewe na kujibu anachokiona. Hajibu anachokitazamia. Wakikatizwa na simu ya upepo au na mtu wa mizigo aliyeingia kuuliza swali, hurudi nyuma na kuanza sehemu ile upya. Adui mkubwa wa karatasi ni mazoea: mtu ameisoma mara elfu moja, mdomo unajibu "tayari" kabla jicho halijafika.

Afrika ya Mashariki ililipa gharama ya jambo hili mjini Nairobi. Tarehe 20 Novemba 1974, asubuhi, ndege ya shirika la Lufthansa la Ujerumani ya Magharibi, aina ya Boeing 747, iliondoka uwanja wa Embakasi kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Ndege ya aina ile ina vibawa vya nyuma ya bawa na vingine vya ukingo wa mbele, vinavyotolewa wakati wa kuruka ili bawa liweze kubeba ndege ikiwa bado na mwendo mdogo. Vya mbele huendeshwa kwa hewa yenye nguvu inayotoka katika injini, na ili ifike huko ni lazima vali zake zifunguliwe. Asubuhi ile mfumo huo wa hewa ulikuwa haujafunguliwa. Vya nyuma vikatoka, vya mbele vikabaki ndani. Ndege iliinuka, ikatetemeka, ikashindwa kupanda, ikaanguka mbele kidogo ya mwisho wa njia na kushika moto. Watu 59 walikufa, 98 wakaokoka. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 iliyoua watu.

Wachunguzi walisema wazi kwamba karatasi ya ukaguzi haikutimizwa ipasavyo. Lakini hawakuishia hapo, na hapa tunaomba kila mwakilishi wa wafanyakazi asome mara mbili. Walisema pia kwamba ndege haikuwa na kengele ya kuwaonya marubani kuwa vibawa vya mbele havijatoka. Isitoshe, haikuwa mara ya kwanza. Mara mbili kabla ya hapo ndege za aina ile zilikuwa zimeruka na kosa lile lile, marubani wakabahatika kuziokoa, na habari zikapelekwa. Kengele haikuwekwa. Iliwekwa na watengenezaji baada ya maiti 59.

Kapteni na mhandisi wa ndege, ambao wote waliokoka, walifukuzwa kazi. Mahakama ya kazi ya kwao baadaye ilibatilisha kufukuzwa huko, kwa kuwa haikuwezekana kuondoa kabisa uwezekano wa hitilafu ya mitambo. Na mwaka 1981 mhandisi, aliyekuwa ameshtakiwa kwa uzembe, aliachiliwa. Hatusemi haya ili kuwatetea watu wasiotimiza ukaguzi. Tunasema kwa sababu tunaijua sana tabia ya kumtafuta mtu wa mwisho aliyegusa mpini, akaandikiwa barua, na faili likafungwa, wakati maonyo mawili ya mwanzo yamelala katika kabati ya mtu mwingine ambaye haandikiwi barua yoyote.

Ajali nyingine ilikuwa ya ndege yetu wenyewe. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege ya shirika la East African Airways aina ya Super VC10, iliyoandikishwa Uganda, ilikuwa ikiondoka Addis Ababa kwenda Ulaya na watu 107. Ikiwa katika mbio, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichoangushwa njiani na ndege ndogo iliyotangulia. Tairi likapasuka. Kapteni akaamua kusimamisha, na wachunguzi walikubali kwamba alifanya kama inavyotakiwa. Lakini breki hazikushika kwa nguvu zote, kwa sababu sehemu ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya iliporudishwa baada ya kutengenezwa. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka bondeni, ikaungua. Watu 43 walikufa.

Hapo rubani hakuwa na jicho la kuona kosa. Angeizunguka ndege mara kumi, asingeliona, kwani lilikuwa ndani ya chuma. Kwa hiyo ukaguzi wa rubani ni pete ya mwisho tu ya mnyororo. Kabla yake kuna fundi, na baada ya fundi anatakiwa awepo fundi wa pili, ambaye hakuifanya kazi ile, akague sehemu zile ambazo kosa moja linaweza kuua. Fundi mzuri hachukii kukaguliwa. Anayechukia ni yule anayepewa kazi ya saa nne aimalize kwa saa mbili.

Na tarehe 17 Oktoba 1988 ilianguka Boeing 707 ya Uganda Airlines, shirika lililoundwa mwaka 1976, likafungwa mwaka 2001, na kuanza upya mwaka 2019. Ilikuwa ikitoka London kuja Entebbe kupitia Roma. Uwanja wa Roma ulikuwa katika ukungu usiku ule. Walijaribu kutua mara mbili wakashindwa, na mara ya tatu ndege ikagonga majengo kabla ya kufika njiani. Katika watu 52, walikufa 33. Uchunguzi ulitaja maandalizi yasiyotosha ya namna ile ya kutua, hasa jinsi marubani walivyogawana kazi na kutajiana kimo kwa sauti, na kuendelea kushuka kupita kimo kilichowekwa ilhali njia haijaonekana. Maandalizi hayo nayo ni ukaguzi: marubani hukaa, wakasemezana mapema nani atatazama saa, nani atatazama nje, na wakifika kimo fulani bila kuona taa, watafanya nini. Uamuzi mgumu hufanywa akili ikiwa bado imetulia.

Sasa turudi Jinja na Mbale. Katika sehemu moja ya kazi, ambayo hatutaitaja, tumewahi kuona karatasi ya ukaguzi wa boila iliyojazwa alama za wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, pamoja na siku ambayo ilikuwa bado haijafika. Kioo cha kuonyeshea kimo cha maji kilikuwa kimeingia weusi hata mtu hawezi kuona kitu. Aliyejaza hakuwa mvivu. Alikuwa peke yake, akitazama boila, pampu na kuni pamoja, na zamu ilikuwa inaanza mvuke ukiwa tayari unadaiwa. Ungempa karatasi kumi angezijaza zote.

Kwa hiyo tusikubali mtu akituletea karatasi peke yake na kusema sasa tuko kama marubani. Karatasi ya rubani ina vitu vitatu nyuma yake. Ina muda: ndege haiwashwi mpaka ukaguzi uishe, hata abiria wanung'unike. Ina mtu wa pili anayesikiliza jibu. Na ina mamlaka ya kukataa. Ukiondoa hivyo vitatu, kinachobaki ni sahihi ya kumtia mfanyakazi hatiani siku ya ajali.

Mamlaka hayo hata sisi hatukunyimwa kabisa, ingawa ni nadra kusikia yakitajwa kiwandani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuwa pana hatari kubwa ya papo hapo, alindwe asipatwe na madhara yasiyostahili kwa kufanya hivyo. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayohusu pia wawakilishi wa usalama na kamati za usalama kazini. Mwakilishi asiyekuwa na nakala yake aidai tawini.

Tunapendekeza matawi yaanze na mashine moja tu kila mahali, ile ambayo wote wanajua kwamba imewahi kumuumiza mtu: vinu vya miwa, mashine ya kufungulia marobota ya pamba, msumeno wa mviringo, mashine ya kusaga majani ya chai. Wanaoiendesha wakae pamoja na fundi wake, waandike wenyewe mambo yasiyozidi kumi ya kutazamwa kabla ya kuiwasha: kinga ya gia iko mahali pake, swichi ya kusimamisha inafanya kazi, hakuna mtu upande wa pili, aliyekuwa akitengeneza amekwisha kutoka na ameondoa kufuli yake kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja asome, mwingine atazame na kujibu. Wapime kwa saa ukaguzi huo unachukua dakika ngapi, kwa mashine ileile, kwa siku sita. Hesabu hiyo ya dakika ndiyo ya kuletwa mkutanoni, maana swali la kwanza la mwajiri litakuwa ni nani atakayezilipa.